Mlango wa jikoni

Leo tarehe 28, saa tano usiku, wote wamelala na mi bado nina ule mlango wa meli yangu ya mfano kichwani. Nilisema sitauandika, ni kitu kidogo, ila tangu mkesha wa Krismasi hauniachi. Nikiosha vyombo upo, nikihesabu stoku dukani upo, hata kanisani padri anahubiri mi macho yapo kwenye mlango wa sakristia napima upana wake. Basi niandike labda nitapata usingizi.

Mnajua Victoria, ile modeli ya meli ya ziwani ninayoijenga kwa mkono, nimeianza Oktoba mwaka jana. Mnajua pia ile haraka yangu ya Novemba, kukesha na vyuma vya kushikia vya sitaha ya juu, ule waya wa shaba nilioutoa kwenye feni iliyoungua, kunyoosha, kukata, kubandika, kimoja kikienda upande nang'oa mstari mzima naanza upya. Ambacho sikuwaambia ni kwamba yote ile ilikuwa kwa ajili ya Bamdogo. Nilitaka akija kula Krismasi aikute mezani imekwisha. Amefanya kazi jikoni kwenye ile meli miaka 19, kastaafu 2008, na katika ukoo wetu wote hakuna mtu mwingine anayeweza kuniambia nimepatia au nimekosa. Ndo maana nimejenga Victoria ya zamani, siyo hii iliyorudi majini Agosti 2020 baada ya ule ukarabati mkubwa. Nimejenga ya kwake.

Akaja tarehe 24 saa kumi jioni, ana kuku wawili na mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), tukamwamkia, akanawa, akakaa. Alipoiona akasimama tena. Akavua kofia. Akaweka mikono nyuma, akainama mpaka jicho likawa sawasawa na sitaha, vilevile ninavyoinama mimi nikiangalia kama mstari umenyooka, na sijawahi kumfundisha mtu kuinama hivyo. Akaanza mbele, akapita bomba la moshi, akapita boti za uokoaji moja moja, akafika nyuma upande wa kushoto akabaki hapo. Mi nimesimama na trei ya vikombe sijui niiweke wapi. Alafu akasema (mayu kwa Kisukuma ni mama, ndivyo anavyoniita):

"Mayu, mlango huu umeufunga."

"Upi Bamdogo?"

"Huu wa jikoni."

"Kwenye picha zote umefungwa."

"Sisi hatukuwahi kuufunga."

Alafu akageuka akamuuliza Mama kama chai ipo.

Ndo hivyo, imeisha. Hakuna kingine alichosema kuhusu ile meli, siku hiyo wala kesho yake, na kesho yake alikaa kutwa nzima.

Sasa mi nimeyageuza hayo maneno kila upande. Hakusema nimekosea. Bamdogo akitaka kusema umekosea anasema, mwaka ule wa pilau ya Dotto alisema mbele ya wageni. Amesema umeufunga, kama vile mlango ulikuwa wazi mi ndo nikapita nikaufunga. Na lile "sisi" alilivuta kidogo. Sisi. Mi nikamjibu habari za picha, yaani miaka 19 ya mtu nikaijibu kwa picha, hicho ndo kinachoniuma zaidi, kwa nini sikunyamaza kwanza? Nikimwambia Baba Kabula (alifika tarehe 23 usiku kutoka Geita, mzima) anasema mzee akipita meli nzima akaona mlango mmoja tu basi hiyo ni sifa, lala. Mama anasema muache shemeji yangu ale sikukuu. Wote wawili sawa, ila hawakuwa wamesimama pale na trei, mi ndo nilimwona uso.

Kwa wiki hii Dotto kapeleka posa Shinyanga imepokelewa, Mama presha ilipanda usiku wa tarehe 25 tukakimbia naye hospitali akapewa dawa tukarudi alfajiri, na bosi katutangazia kwamba kuanzia Februari tawi letu linaunganishwa na la Buhongwa. Haya yote nitayaandika siku nyingine.

Turudi kwenye picha. Jana asubuhi nilizitandaza zote kitandani, zile nilizochapisha na zile za kwenye albamu ya Mama, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho nimekiangalia miezi 14 bila kukiona. Karibu zote zimepigwa meli ikiwa gatini. Imefungwa kamba, abiria wanashuka au wanapanda, jua linawaka. Nani angepiga picha katikati ya ziwa saa saba usiku, miaka ile? Victoria ilikuwa meli ya usiku, inaondoka Mwanza jioni, mnalala, mnaamkia Kemondo na Bukoba. Mi mwenyewe niliipanda mara mbili nikiwa mtoto, Krismasi, daraja la tatu, nimelalia mguu wa Mama, na ninachokumbuka ni harufu ya vitunguu vinakaangwa na mngurumo wa injini unakuja kwa chini mpaka kwenye meno. Baada ya Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, Mama hakutupandisha meli tena. Tukawa tunakwenda kwa basi, na mpaka leo tukipita Igoma kwenye yale makaburi ya waliozama ananyamaza.

Kwa hiyo nilichojenga mimi ni meli ya gatini. Kila kipimo kiko sawa, skeli ya 1 kwa 100, mita inakuwa sentimita, mtu wa kawaida anakuwa kama milimita 17, nimehesabu milango kwa kulinganisha na watu waliosimama karibu nayo kwenye picha. Kila kitu nimekipima, na bado ni meli ambayo wafanyakazi wake wamekwenda nyumbani.

Nikampigia simu. Bamdogo si mtu wa simu mnamjua, "haya, wasalimie", anakata. Nikamwambia Bamdogo ule mlango nataka kuufungua, niambie ndani kulikuwaje. Akanyamaza nikafikiri mtandao umekata. Alafu akaanza, na hakusimama, dakika 43, nimeangalia kwenye simu.

Ukiingia, jiko liko kulia. Sufuria mbili kubwa, moja ya wali, moja ya maharage au samaki kutegemea na siku. Mlango haukufungwa kwa sababu ya joto, hilo la kwanza, na la pili komeo lake lilikuwa limelegea, mkishatoka kwenye ghuba mkakuta mawimbi unagonga usiku kucha mpaka abiria wanalalamika, kwa hiyo wakaufunga kamba ya katani kwenye ndoano ya ukutani, wazi, ukabaki hivyo miaka na miaka. Yeye alikuwa anakaa kizingitini juu ya kreti la soda, anamenya ndizi, mgongo kwenye moto uso kwenye upepo. Usiku wa giza, kusipo na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanatoka na karabai zao, akasema unapita katikati ya taa mpaka unajiuliza kama umefika mjini. Mbalamwezi ikiwepo hakuna taa, dagaa hawaijii taa ya mtu kukiwa na mwezi, unabaki na weusi wa visiwa tu.

"Mi ziwa nimelionea hapo mlangoni, mayu. Sitahani nilikuwa sina muda wa kupanda."

Hapo mwishoni nikajikaza nikamuuliza lile lenyewe. Bamdogo, ulipoiona pale mezani, ulisikiaje? Akasema, "Mbona nilikwambia. Si nilikwambia mlango?" Haya, wasalimie. Akakata.

Sijui niwaelezee vipi nilivyojisikia. Nilikaa na simu mkononi nacheka peke yangu jikoni, Kabula akaja kuuliza nani kapiga. Bado sijajua alimaanisha nini kamili na nimeanza kuona kwamba sihitaji kumbana zaidi ya hapo, alichokitaka nakijua, anataka wazi.

Basi mchana nikachukua wembe mpya. Watu wanaofikiri kufungua mlango wa milimita 20 kwa 7 ni dakika mbili hawajakata PVC ya dari iliyokwisha pakwa rangi mara nne. Ukikandamiza inabonyea, na ikibonyea rangi inapasuka mpaka kwenye madirisha jirani. Unapitisha wembe bila nguvu kabisa, unarudia palepale kwenye rula ya chuma, nilihesabu mara 30 upande mmoja, mpaka unasikia kidoleni kwamba ule ukinzani umeisha. Kipande kikatoka kizima. Hicho ndo mlango wenyewe, ninautumia huohuo.

Na nyuma yake hakuna kitu. Weupe, mistari ya penseli, uzi wa gundi umetanda kama wa buibui. Nilikuwa najua, mi ndo niliyejenga, ila kuchungulia kwenye tundu na kuona vile ni kitu kingine.

Kwa hiyo Januari yangu imebadilika. Nilipanga nianze MV Mwanza, meli nyingine ya ziwa letu, mita 92.6, kwa skeli yangu sentimita 92.6, nilikuwa nishaanza kumshawishi Baba Kabula tupanue meza. Itasubiri. Sasa najenga jiko. Sufuria mbili za milimita 6, nimezibonyeza jana kwa kichwa cha msumari kutoka kwenye karatasi ya vidonge vya Mama, ya kwanza imetoboka, ya pili na ya tatu zimetoka vizuri na zinang'aa kama zimesuguliwa kwa mchanga. Kreti la soda ni milimita 4 kwa 3, hilo bado, nalikata kwenye kadi ya vocha maana ina wekundu tayari. Kamba nimechomoa unyuzi mmoja kwenye gunia la katani dukani, na hata huo mmoja kwa skeli hii ni mnene kama mkono wa mtu, inabidi niuchane tena. Na taa. Kabula kaniruhusu nitoe taa moja ya njano kwenye ile kamba ya mti wa Krismasi iliyokatika tangu mwaka juzi. Nimeijaribu usiku huu kwa betri mbili za rimoti, nikazima taa ya sebuleni, nikainama.

Mwanga unatoka mlangoni unalala kwenye sitaha, mrefu, kama kitenge kimeanikwa. Hata bila jiko ndani, tayari meli inakwenda.

Kwenye hilo nimemfikiria nani sijui aliyekuwa Kisumu. Mnajua Victoria yenyewe ilikuja kama zinavyokuja hizi modeli za maboksi za kuunganisha, waliiunda Yarrow kule Glasgow, wakaifumua, vipande vikavuka bahari vikafika Kisumu, vikaunganishwa upya ukingoni mwa ziwa, ikaanza safari 1961. Kuna fundi alisimama pale na rundo la mabati, kila bati na nafasi yake, na kuna bati moja lilikuwa na tundu la mlango huu. Aliliona ni bati tu. Nafikiri usiku wa kwanza mtu alipowasha jiko ndani ndo likawa mlango.

Kabula anauliza kama babu nitamweka, pale kwenye kreti. Milimita 17 akiwa amesimama, akikaa 13 hivi. Nimemwambia sijaamua. Sijaamua kweli, mtu huwezi kumtengeneza mzee wa watu ukamweka pale bila kumuuliza, na nikimuuliza atasema "haya, wasalimie". Kizingiti nitakiacha kipana, kreti nitaliweka, halafu tutaona Pasaka.

Mvua imeanza. Ile ya Mwanza inayokuja kwa upande kutoka ziwani, mabati yanapiga kelele siwezi hata kusikia friji. Na sasa nawaza lile jiwe. Lile la juu ya choo cha Mama Neema, mlioko huku milimani mnajua mawe yetu, yamekaa miaka na miaka watu wanajenga katikati yake hakuna anayeyawaza, ila mvua za wiki mbili hizi zimekula udongo chini yake upande wa huku kwetu, juzi nimeingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko na vidole havikugusa kitu. Mwenye nyumba anasema tuongee baada ya mwaka mpya. Baba Kabula anarudi Geita keshokutwa. Mama Neema analala chumba cha nyuma na wale mapacha, na hapa nilipo naona taa yake imewaka, sijui naye anasikiliza.

Ngoja nichukue tochi.