Omena anakula nini mwezi wa nne?

Juzi nilipita Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kununua omena, wale dagaa wa ziwa, kwa mama mmoja mimi ni kastoma wake wa miaka, nikampata ameketi tu kando ya nyavu za kuanikia na juu yake hakuna kitu. Nikamuuliza mama vipi leo, akaniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "si umesahau ni mwezi wa nne, wamefunga." Na kweli, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, sheria ndiyo hiyo, ingawa sokoni hutakosa gorogoro moja na ukiuliza imetoka wapi utaambiwa Tanzania, basi nunua unyamaze. Halafu akaniangusha na swali. "Wewe si ulisomea hizo vitu za ziwa, sasa maji ikiwa matope hivi, huyo omena huko ndani anakula nini?"

Nikaanza kujibu, kastoma akaja, ikaishia hapo. Kwa hivyo nimalizie hapa.

Omena anakula zuplanktoni, yaani vile vinyama vidogo vinavyoelea majini, vinajua kuogelea lakini mkondo ukiamua kuvibeba vinabebwa. Anakula pia mabuu ya wale wadudu wa ziwa wanaopanda jioni kama moshi mpaka unafunga mdomo ukipita. Kwenye ghuba yetu ya Winam utapata makundi matatu makubwa. Kuna kopepodi, kuna dafnia na ndugu zake, hao wote ni jamaa wadogo sana wa kamba na kaa, halafu kuna rotifa ambao ni wadogo kabisa, hao bila maikroskopu sahau.

Mimi nilikutana nao nikiwa kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo, mwaka wa tatu. Mara ya kwanza niliona uchafu tu, vumbi linaelea, nikaambiwa tulia, zungusha hiyo lenzi polepole. Kumbe vumbi lina jicho moja! Kopepodi ana jicho jekundu moja katikati ya kichwa, antena mbili ndefu, na kama ni jike amebeba mayai huko nyuma kwa mabegi. Mabegi mawili, moja kila upande, huyo ni saiklopoidi. Begi moja tu, huyo wetu ni kalanoidi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuwatofautisha wiki nzima kabla nijue kuhesabu vipingili vya antena. Watoto wao nao hawafanani na mama hata kidogo, ni kama kupe mwenye miguu sita, anabadilisha ngozi mara nyingi mpaka siku moja anatoka mtu mzima.

Sasa majira. Vitabu tulivyopewa vilikuwa vya wazungu na vyote vinaanza hivi: baridi inaisha, jua linarudi, mwani unalipuka, dafnia wanazaana wanaula wote mpaka maji yanakuwa safi kama ya chupa. Sawa, lakini Kisumu kuna baridi gani ya kuisha jamani? Maji ya ghuba yanakaa karibu nyuzi 25 mwaka mzima, juu kidogo chini kidogo. Ukitafuta majira kwa joto utasema huku hakuna majira. Huku majira ni matope na upepo, hapo ndipo pa kuangalia.

Chukua mwezi wa tatu hadi wa tano. Mvua inanyesha huko juu Kericho na Nandi, Nyando inageuka chai ya maziwa, Sondu-Miriu vilevile, Kibos vilevile, na yote yanamwagika kwa ghuba ambayo upande huu wa Kisumu ina kina cha mita chache tu. Udongo ule unaleta mbolea, ndiyo, lakini pia unaziba mwanga. Anayeumia kwanza ni dafnia kwa sababu yeye hachagui, anachuja kila kitu kinachopita, chakula na udongo pamoja, sasa anajaza tumbo udongo. Ukimwangalia kwa maikroskopu wakati huo utumbo unaonekana kabisa, mstari wa kahawia badala ya kijani. Saiklopoidi yeye anakamata anachotaka kimoja kimoja, ndiyo maana hao hukosi mwezi wowote, na ziwa lote la Victoria kopepodi ndio wengi. Halafu rotifa. Rotifa ni watu wa fursa. Maisha yake ni ya siku chache, jike anazaa majike bila kutafuta dume, mbolea ikishuka na mto leo, wiki ijayo wamejaa.

Na hapa ndipo watu hudanganyika na hesabu, mimi nikiwa wa kwanza. Chupa zetu za sampuli za mdomo wa mto zilikuwa na vijidudu wengi sana wakati wa mvua, nikaandika kwa ripoti kwamba chakula cha samaki kimeongezeka, msimamizi akaniangalia tu. Akaniuliza, "Ni wengi, lakini ni akina nani?" Ilikuwa rotifa karibu wote. Omena anatafuta kwa macho na anataka kitu cha kushika mdomo, kopepodi mzima au dafnia, sasa rotifa elfu kwake ni kama wewe uambiwe ushibe unga uliopeperuka kwa posho mill. Idadi imepanda, chakula hakijapanda sana. Hivyo jibu la mama ni kwamba mwezi wa nne anakula kopepodi hasa, na mabuu, na anawatafuta kwa shida kwa maji ambayo hata wewe huwezi kuona mkono wako.

Niseme pia aibu yangu nyingine. Kilichoharibu kazi ni biro. Niliandika lebo kwa biro nikabandika nje ya chupa, fomalini, ile dawa ya kuhifadhi sampuli, ikamwagika kidogo ndani ya kasha, tukifika nchi kavu lebo tatu ni wino wa bluu umelowa, hakuna anayejua ipi ni ya Nyando ipi ni ya katikati. Tangu hapo ni penseli, karatasi ndogo, ndani ya chupa. Zile tatu bado nazikumbuka.

Mwezi wa sita mpaka wa nane ni habari ingine, upepo wa kusini mashariki unapiga ziwa kubwa lile la nje, maji ya juu yanapoa kidogo na hiyo inatosha, juu na chini yanachanganyika, hewa inafika chini na mbolea iliyolala huko inapanda. Kuanzia Septemba maji yanaanza kujipanga tena kwa tabaka, kufikia Januari na Februari huko kwenye kina, chini hakuna oksijeni, kwa hivyo wanyama wote wanabanwa juu. Ghuba yetu haina tabaka za kudumu hivyo, kina chake ni kifupi, na kila mtu aliyekaa Dunga saa tisa mchana anajua mawimbi yanavyoamka, inakorogwa karibu kila siku. Shida yetu ni ule ukijani mzito wa jua kali. Unaonekana kama chakula kingi lakini mwingi ni maikrosisti, aina ya bakteria wa kijani wanaoishi kama mwani, inashikana mabonge makubwa na mengine yana sumu, dafnia hawezi kuimeza vizuri.

Halafu kuna majira ndani ya majira, na Kiswahili kimetusaidia hapa kwa sababu mwezi ni mwezi. Vijidudu hawa mchana wanashuka, usiku wanapanda. Sisi tulikuwa tunavuta neti saa nne asubuhi, tunalalamika maji ya juu ni matupu. Wavuvi wanajua zamani, ndiyo maana wanatoka usiku wa giza na taa, zamani karabai siku hizi za sola, vijidudu vinakuja kwa taa na omena anakuja nyuma yao. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana. Hata wale wadudu wa moshi, wengi wanatoka majini siku chache baada ya mwezi kuandama.

Rafiki yangu aliye Mombasa hunicheka kwamba mimi nina kitabu chembamba. Huko majira yana majina kabisa, kusi na kaskazi, na kwenye neti yake nusu ya umati si wenyeji, ni watoto wa kaa, wa kamba, wa samaki, wa chaza, wanakaa planktoni wiki kadhaa halafu wanahama. Kwake majira ni pia ratiba ya nani amezaa. Sisi ziwani hatuna hiyo kwa wingi. Lakini nilimnyamazisha na Daphnia lumholtzi, dafnia wa huku Afrika, na wa Asia na Australia pia, mwenye mwiba mrefu kichwani na mwingine nyuma, samaki mdogo akimuuma anajuta, ambaye mwaka 1991 alipatikana Texas, na wapo wanaodhani alisafiri pamoja na mbuta, yaani sangara, waliopelekwa huko. Mbuta aliletwa kwetu akatumalizia fulu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, na huko nje huenda hakwenda peke yake.

Ukitaka kuwaona mwenyewe, chukua stokini ya zamani, ikate, funga mdomo wake kwa waya uwe duara, chini funga chupa ndogo. Panda boti ya mtu kabla jua halijatoka, usiingie na miguu kwa sababu ya kichocho, vuta dakika tano hivi, halafu inua chupa uangalie kwa tochi. Nukta zinazoruka kwa kushtuka, hop, kimya, hop, ni kopepodi. Zile zinazodunda kama mtu anapanda ngazi ni dafnia, na kama ni mwezi wa nne ukatafuta hao wa pili ukakosa, usitupe neti.