Nilivyomchagua nyoka wangu wa kwanza mwenye sumu, na ninavyomtunza

Nilipoanza kutamani kufuga nyoka wenye sumu, macho yangu yalikuwa kwa swila wanaotema. Hakuna nyoka anayependeza kama swila aliyejiinua na kutanua shingo. Aliyenizuia ni mwalimu wangu, mfugaji wa miaka mingi, ambaye kabla ya kukubali kunifundisha aliniuliza jambo moja: "Akikuuma usiku wa leo, mwanangu, dawa iko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonichagulia nyoka. Seramu ya kuzima sumu hutengenezwa kwa ajili ya aina maalumu za nyoka, na wapo ambao hawana seramu kabisa. Mmojawapo ni Thelotornis, yule mwembamba anayejifananisha na kijiti. Meno yake ya sumu yako nyuma ya taya, na ndiyo maana wengi humdhania kuwa wa kujifunzia. Robert Mertens, bingwa wa reptilia kutoka Ujerumani, aliumwa na Thelotornis aliyekuwa akimfuga mwenyewe, akafariki mwaka 1975. Kama kifo hicho kilimpata mtu aliyewajua nyoka kiasi kile, mimi mwanafunzi sikuwa na sababu ya kubahatisha.

Kwa hiyo nilianzia hospitalini. Nilionana na daktari wa kitengo cha dharura, nikamuuliza ni seramu zipi zinapatikana na zikikosekana huagizwa wapi. Baada ya hapo ndipo niliposhughulikia kibali cha kufuga, kisha nikamchagua Agkistrodon contortrix, nyoka wa Amerika Kaskazini mwenye kichwa cha rangi ya shaba. Sumu yake inauma vibaya na kuharibu nyama za mwili, lakini ni nadra kuua mtu mzima aliyewahi matibabu. Si mrefu, aghalabu hafiki mita moja, na tabia yake ni kutulia akitegemea rangi zake zimfiche. Kabla yake nilikuwa nimefuga nyoka wasio na sumu, wepesi na wenye hasira, kwa sharti kwamba nisiwaguse ila kwa fimbo ya ndoano, kana kwamba wana sumu.

Chumba chake hakina tundu wala upenyo chini ya mlango, na hakina vitu vya kujificha nyuma yake. Mlango una kioo, nami huchungulia kwanza kabla ya kuingia. Kizimba kina kufuli.

Lakini kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni kijisanduku cha maficho kilicho ndani ya kizimba. Nyoka hupenda kulala humo mwenyewe. Siku ya usafi nasubiri aingie, nasukuma kilango chake kwa fimbo ndefu, nakifunga, kisha nakitoa kijisanduku kizima. Hapo ndipo mikono yangu huingia kizimbani. Nisipokiona kichwa cha nyoka na kujua kiko upande gani, sifungui chochote, hata kama maji yake yameisha. Atasubiri mpaka jioni na hatadhurika.

Wakati wa kumlisha nakuwa makini zaidi. Nyoka wa jamii hii ana vishimo kati ya jicho na pua vinavyohisi joto, kwa hiyo mkono wangu wenye joto, ukiwa na harufu ya panya, kwake ni chakula. Namlisha panya aliyekufa, aliyeyeyushwa barafu na kupashwa joto kidogo, kwa koleo refu, na mikono nimeshainawa. Sifanyi kazi hiyo nikiwa nimechoka au mgonjwa, wala sifanyi bila mtu mzima nyumbani anayejua niko chumbani humo.

Karatasi ya dharura iko juu ya kizimba, na nakala yake imo kwenye pochi yangu: jina la kisayansi la nyoka, seramu inayomfaa, namba za simu, mzio wangu na dawa ninazotumia. Watu wa nyumbani nimewafundisha pia: wasinichanje, wasinifyonze, wasinifunge kamba. Wanivue pete na saa, wanitulize, wanipeleke hospitali mara moja. Nyoka wasimfuate hata akiwa nje ya kizimba. Wafunge mlango wa chumba na wampigie mwalimu wangu.

Nikisafiri, hakuna anayemgusa. Nyoka mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, ila maji hayawezi kumkosa muda huo wote, hivyo namwekea bakuli kubwa zito lisilopinduka. Safari ikizidi siku chache, mwalimu huja kuliangalia. Nakala ya ufunguo anayo yeye peke yake.