Risasi iliyonitoroka ndani ya mtutu

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunapalilia mahindi kwa shemeji yangu huku Njoro, jembe lake likachomoka kwenye mpini na kuruka hatua tatu hivi mbele yetu. Hakuna aliyeumia. Alipokuwa analiloweka kwenye ndoo ili mti uvimbe, nikamwambia mimi niliwahi kuchomokewa na risasi kwa namna hiyohiyo. Akanitazama kama mtu anayesubiri uongo.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sikuwa nimewahi kushika bunduki hadi nilipokwenda kuishi Pennsylvania, Marekani. Kule, Krismasi ikishapita, kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa gobori, na lazima liwe la gumegume, lile la kuwasha baruti kwa cheche za jiwe. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, juu yake unaweka risasi ya duara iliyofunikwa kitambaa chenye mafuta, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa kusukumia, mpaka risasi ikae juu ya baruti. Hakuna ganda la kuishika. Kinachoishika ni kile kitambaa tu.

Mimi nikajifanya mjanja wa kubana matumizi. Badala ya kununua vitambaa, nilikata shuka kuukuu. Mtutu wangu ulikuwa wa kipenyo cha inchi 0.50 na risasi 0.490, na shuka ile laini haikuziba nafasi iliyobaki. Risasi iliteremka bila kusumbua, nikafurahi. Kumbe hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Theluji ilikuwa inaanguka siku hiyo. Ili isiingie mdomoni, nililitundika gobori begani likitazama chini, nikatembea nalo hivyo tangu alfajiri, nikishuka makorongo na kuruka magogo. Kila hatua niliyokanyaga ilikuwa inaigonga ile risasi kidogo kuelekea nje, na mimi sina habari.

Mnamo saa nane mchana nikakutana na mzee mwenye shamba nililoruhusiwa kuwindia. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kulungu.

"Umepima?"

"Nipime nini, mzee?"

Akaniambia nimwage ile baruti ndogo ya kwenye kisahani cha kuwashia, nielekeze mdomo pembeni, nisisimame juu yake, kisha niteremshe mdeki taratibu. Ulikwama mapema. Akaweka vidole vyake kwenye kipande kilichobaki nje, akakilinganisha na pale mdeki ulipopaswa kufika: vidole vinne vizima vilizidi. Risasi ilikuwa imehama, imeiacha baruti peke yake huko chini.

Nilidhani hasara yake ni kukosa shabaha. Mzee akatikisa kichwa. Baruti ikiwaka huku risasi iko mbali nayo, risasi inageuka kizibo katikati ya bomba. Shinikizo linapanda pasipotakiwa, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Na mkono wa kushoto unashikilia wapi? Hapohapo. Nilivua glavu nikauangalia mkono wangu kwa muda.

Tuliisukuma risasi hadi ikakaa tena juu ya baruti, lakini kwa shuka ile sikuwa na imani nayo. Nikailipua kwenye kichuguu cha udongo, nikaenda nyumbani.

Usiku huo nilichukua kisu. Baba yangu alikuwa na kijiti cha kupimia dizeli kwenye tangi la trekta, chenye mikato ya kuonyesha nusu na robo, nami nikaufanyia mdeki vivyo hivyo. Mkato wa kwanza ni pale unapofika mtutu ukiwa mtupu. Wa pili ni pale unapofika ukiwa umeshindiliwa baruti ya kipimo changu, grani 70 (kama gramu nne na nusu), na risasi juu yake. Ukibadilisha kipimo cha baruti, mkato wa pili unakuwa uongo, kwa hiyo mimi sibadilishi. Tangu hapo napima kila nikipumzika, kila nikiruka ua, na kila nikiteremka kwenye gari, kisahani kikiwa kitupu kila mara.

Shuka nikaitupa. Nikatafuta kile kitambaa kigumu cha pamba chenye mistari, cha kushonea magodoro, unene wake inchi 0.015. Hicho ukikishindilia unatoka jasho kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Tena mafuta yawe ya kulainisha tu, yasilowe hadi kitambaa kiteleze. Nikaacha pia kubeba gobori likitazama chini. Theluji naizuia kwa kipande cha plasta mdomoni.

Shida iliyobaki ni kinyume chake: ukishapiga mara moja, masizi ya baruti hujaa ndani na risasi ya pili hukwama nusu ya njia. Hiyo nayo ni hatari ileile. Kitambaa chenye unyevu, pitisha mara mbili, kisha kikavu, ndipo ushindilie.

Shemeji alikuwa ameshatoa jembe majini na sasa anachonga kabari.

"Na hao kulungu," akauliza, "nyama yao ikoje?"

Nikamwambia ukweli: mwaka ule sikupata hata mmoja.