Karani Aliyechora Jina Lake

Nilistaafu benki baada ya kukagua sahihi za watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Kwa hiyo mpwa wangu, aliyekuwa akisomea maandishi ya mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri, huko Köln, Ujerumani, aliponialika jioni moja nitazame picha za barua za kale za Kigiriki, sikushangaa sana. Kigiriki mimi sijui hata herufi.

"Ndiyo maana nakutaka wewe, mjomba," akasema. "Sisi tunakimbilia kusoma, tunasahau kutazama."

Akatandaza mezani barua za Claudius Terentianus, askari aliyehudumu Misri mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo. Alimwandikia Tiberianus, ambaye humwita baba, barua nyingine kwa Kilatini, nyingine kwa Kigiriki. Mara anaomba upanga na sululu, mara analalamika kwamba bila pesa hakuna jambo linalokwenda. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Michigan walizikuta Karanis, mji wa kale wa Misri, ndani ya nyumba, chini ya ngazi.

Nikazipanga kama hundi za kutiliwa shaka. Umbo la herufi niliacha mwisho, maana umbo huigwa. Nilifuata kalamu ya tete ilipoinuliwa, wino ulipofifia na kuchovywa tena, mkono ulipoharakisha. Nikapata mafungu kadhaa, kila moja la mkono tofauti, ilhali barua zote ni za mtu mmoja! Mpwa wangu akatikisa kichwa kukubali: hata wataalamu wanasema askari yule aliandikiwa na makarani mbalimbali. Akanionyesha desturi nyingine ya zama hizo: karani anaandika barua nzima, kisha mwenyewe anashika kalamu na kuongeza salamu ya kumtakia mwenzake afya. Mara nyingi mstari huo tu ndio mkono wa mwenye barua.

Halafu akaweka picha ya mwisho, bila maelezo. Sentensi ileile, mstari kwa mstari.

"Huyu haandiki," nikasema. "Anachora."

Akacheka. Huyo ni Petaus, karani wa kijiji cha Ptolemais Hormou, Misri, miaka ya 184 hadi 187, akijizoeza kuandika jina, cheo na neno la kuwasilisha hati. Katikati ya zoezi alidondosha irabu ya kwanza ya neno la mwisho, akaendelea hivyo hadi chini. Ananakili mstari wa juu yake tu, hajui unasema nini. Na karani mwenzake wa kijiji cha Tamais, Ischyrion, aliposhtakiwa kuwa hajui kusoma, Petaus huyohuyo ndiye aliyemtetea: mbona hutia sahihi hati zake? Utetezi gani huo!

Mpwa wangu akauliza kama ningeilipa hundi ya Petaus.

Ningeilipa, nikamwambia. Wateja wanaochora sahihi hawakunipa shida dirishani. Aliyenipa shida ni mwandishi hodari anayejifanya mzito; naye ukimtazama vizuri, mahali fulani wepesi wa mkono unamtoka.