Mantiki Inayofanyika Ndani ya Kumbukumbu Yenyewe

Katika kompyuta tulizozizoea, data hukaa kwenye kumbukumbu ilhali hesabu hufanywa kwenye kichakataji, na mara nyingi safari za kwenda na kurudi baina ya sehemu hizo mbili hula muda na umeme kuliko hesabu yenyewe. Ndiyo maana ninalipenda sana wazo la kufanya mantiki, yaani hesabu za 1 na 0, palepale data ilipohifadhiwa, kwa kutumia mata zinazobadili hali.

Mata maarufu zaidi ni mchanganyiko wa elementi za jerimani, antimoni na teluri. Atomu zake zikijipanga kwa utaratibu wa fuwele, umeme hupita kwa urahisi. Zikivurugika kama za kioo, ukinzani huongezeka maradufu kwa maradufu. Hali zote mbili hudumu hata umeme ukikatika, kwa hiyo ya kwanza huhesabiwa kuwa 1 na ya pili 0.

Chukua seli moja iliyo katika hali ya fuwele, yaani 1, uiunganishe na viingizo viwili. Kiingizo chenye 1 hutuma mpigo wa umeme unaoiyeyusha mata, nayo ikipoa ghafla hubaki imevurugika, yaani 0. Kiingizo chenye 0 hakitumi chochote. Jibu litabaki 1 pale tu ambapo viingizo vyote viwili ni 0. Hilo ndilo lango la mantiki (sehemu inayotoa jibu moja kutokana na viingizo vyake) liitwalo NOR, ambalo likirudiwa linatosha kujenga malango mengine yote, na jibu lake halihitaji kupelekwa popote kwa sababu limekwisha kuandikwa hapohapo lilipopatikana.

Vifaa vya awali vya aina hii vilitegemea fuwele kujiunda, jambo lililochukua mamia ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde), na mata inayojipanga haraka huwa pia nyepesi kupoteza data iliyohifadhiwa katika hali ya kioo. Mwaka 2014 mtafiti Desmond Loke na wenzake walichapisha katika jarida la kisayansi la PNAS njia ya kuzivuruga atomu kidogo kabla ya kuziyeyusha, na kuyeyuka kukakamilika ndani ya pikosekunde 900, yaani chini ya nanosekunde moja. Ninauheshimu sana uamuzi wao wa kuacha kupambana na fuwele.

Hata hivyo, kabla ya hesabu inayofuata seli iliyoyeyushwa hulazimika kurudishwa kwenye fuwele. Mwaka 2012 Loke huyohuyo na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba, kwa kutanguliza mpigo dhaifu, fuwele inaweza kujiunda ndani ya pikosekunde 500. Ninachotamani kukiona ni mbinu hizo mbili katika seli moja, na kasi ikipimwa kwa mzunguko mzima badala ya kuyeyuka pekee.