Wote Watatu Walimwona

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili gari langu lililala kwa fundi, nami nikalazimika kwenda kanisani kwa miguu, kwa njia ileile ambayo nimeipita miaka mingi nikiwa nimefunga vioo. Nakiri kwamba siku ya kwanza nilinung'unika njia nzima, na siku ya pili nilijaribu kuomba huku nikitembea, nikajikuta nimeinamisha macho kama mtu asiyetaka kusalimiwa.

Ndipo uliponirudia ule mfano wa Luka 10, wa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa karibu kufa kwenye barabara inayoteremka takriban mita 1,000 kutoka Yerusalemu hadi Yeriko. Kuhani alimwona yule majeruhi, Mlawi alimwona, na Msamaria alimwona. Hakuna hata mmoja aliyepita bila kuona. Tofauti ni kwamba wawili wa kwanza walipita kando, naye wa tatu akakaribia. Tena Msamaria alikuwa na mnyama wa kupanda, kwa hiyo nisijidanganye kwamba ni gari lililonizuia siku zote hizi.

Jumatano jioni nilimkuta mlinzi wetu wa kanisa ameketi juu ya tofali langoni, akikaza waya alioufunga kuzunguka kiatu chake cha kulia ili soli isiachie. Mtu huyu nimezoea kumpigia honi afungue lango, basi. Nilipoketi kando yake na kumuuliza habari za nyumbani, aliniambia kwa upole, bila kulalamika, kwamba huu ni mwezi wa pili hajapata mshahara. "Najua kanisa lina ujenzi, mzee," akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyepaswa kunifariji mimi. Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa kamati iliyoamua kwamba paa litangulie na mishahara isubiri, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa.

Ningeweza kumnunulia viatu jioni ileile, nikalala usingizi mzuri na kujiona Msamaria. Lakini mlinzi yule haombi huruma yangu, anatudai. Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi, nasi tunaimba kwa sauti kubwa hatua chache tu kutoka langoni pale. Tunapenda kukusanya nguo kwa ajili ya wahitaji wa mbali, na ni jambo jema, ila Mika 6:8 inataja kutenda haki kabla ya kupenda rehema, na sadaka haiwezi kulipa deni la mshahara.

Kwa hiyo nawasihi, juma hili kila mmoja wetu achague njia moja aliyoizoea na aitembee polepole, simu ikiwa mfukoni, akimwomba Roho Mtakatifu amwonyeshe ni nani aliyeketi pale siku zote, kisha asimame na amuulize habari zake. Awe tayari pia kusikia jina lake mwenyewe likitajwa katika jibu.

Gari limetoka kwa fundi jana. Kamati inakutana Jumamosi, nami nimemwandikia mwenyekiti nikiomba mishahara iwe ajenda ya kwanza, kabla ya paa. Bado hajanijibu.