Q Ilipobaki Mkononi

Mpwa wangu kaingiwa na Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni ziwe maneno ya Kiingereza, kila herufi na alama zake, na nyumba haina amani tena. Juzi kaweka neno refu la kutambia, kajipigia makofi mwenyewe, kisha kaniuliza: "Mjomba, hivi kuna mtu aliyewahi kushinda kwa neno la herufi mbili?" Nikamjibu wapo, nikamtajia Wellington Jighere wa Nigeria, bingwa wa dunia wa mwaka 2015, ambaye yeye na wenzake wanasifika kwa kuyaheshimu maneno mafupi. Jibu la kweli nililimeza. Lilikuwa mechi ile ya klabu, mimi na Mama Miwani.

Sehemu kubwa ya mechi naipita. Alimaliza kibao cha kushikia kete mara mbili, yaani kete zote saba kwa mpigo, na kila mara unapofanya hivyo unaongezewa 50 juu ya alama za neno lenyewe. Mimi nilimfuata kwa vijineno vya 20 na 30. Mfuko wa kuchotea kete ulikuwa umeshakwisha, yeye akiwa na 381, mimi 361, zamu yangu.

Kete za mchezo ni 100. Kila inayotua ubaoni unaikata kwenye karatasi yako, hivyo mfuko ukiisha, zisizokatwa, ukitoa zako, ndizo alizoshika mwenzako. Kanuni zinaruhusu. Mkononi nilikuwa na A, E, N na T. Karatasi ikasema yeye ana Q, D na O. Nikakagua upya, kwa sababu hapo wengi huteleza: kete tupu, ile isiyo na herufi inayosimama badala ya yoyote, ikichezwa kama S, wanakata S badala ya kuikata kete tupu, na mwisho wa mchezo wanamwogopa mtu kwa herufi asiyokuwa nayo.

Hiyo Q ilimjia katika uchotaji wa mwisho. Kuibadilisha hakuweza, kwani kubadilisha kunaruhusiwa mfukoni mkiwa bado na kete saba au zaidi. U, ambayo Q huihitaji karibu kila mara, zote nne zilikuwa zimeshatumika na hakuna iliyokaa mahali pa kufikika. Alibakiwa na tundu moja tu: I ya INK, neno lililosimama wima upande wa kulia. Mraba ulio kushoto kwa hiyo I unazidisha thamani ya herufi mara mbili. Angeitua Q pale, QI ingempa 21.

Mimi nilikuwa na TEN ya alama 16 pembeni, ikijumlisha vijineno vilivyogusana nayo. Inavutia macho, lakini ipigie hesabu. Ningefika 377, yeye angeweka QI na kufika 402. Ningemalizia A yangu kwa 5, na kwa kuwa anayemaliza kwanza huongezewa mara mbili ya thamani ya kete za mwenzake, D na O zingenipa 6. Jumla 388. Nimekufa kwa 14.

Herufi zilezile tatu, nikizigeuza kuwa NET na kuzishusha wima ili T itue palepale kushoto kwa I, zinaleta NET na TI kwa pamoja. Alama 7, basi. Lakini tundu limezibwa na Q haina pa kwenda. Nafika 368, A kwa 5, na Q peke yake, mara mbili, ni 20. Jumla 393. Yeye angekuwa na zamu moja tu ya kucheza na D na O: akipata 12 ni sare, akipata 13 kanimaliza.

Na 14 ilikuwepo. Nilishaiona kabla sijaigusa kete. Kushoto kabisa kulikuwa na REMIT imelala. Ukiweka DO juu ya E na M, unapata DO, DE na OM kwa kete mbili, na D inakaa kwenye mraba wa kuzidisha mara mbili: 5, 5 na 4. Kuziba huku na kule kwa zamu moja hakuwezekani, na QI ndiyo iliyokuwa na sumu kali zaidi.

Nikaweka NET, nikataja alama, nikabonyeza saa.

Mama Miwani akainua kidole kusimamisha, akaitazama TI. Akilipinga neno na likaonekana halali, kwa kanuni tulizotumia anatozwa 5, na maneno ya herufi mbili anayajua kuliko mimi. Akashusha kidole. Saa yake ilikuwa na dakika moja na ushee kati ya zile 25, na kila dakika ya ziada inakatwa 10. Akawa anasogeza Q kwenye kibao chake, kushoto, katikati, kulia, kama anayetafuta mahali pa kumlaza mgeni. Nilichokuwa nakitaka ni hicho: sekunde zake ziishie kwenye Q.

Tatizo likawa macho yangu. Nikitazama REMIT, atafuata nilikotazama, maana sote tumezoea kusoma macho ya wapinzani. Nikikodoa kulia muda wote, mtu mzoefu kama yeye atajiuliza kushoto kuna nini. Nikaamua kuinamia karatasi ya alama na kujumlisha upya namba nilizokwishajumlisha. Nikasikia kete ya kwanza ikigonga ubao, kisha ya pili. Zilitokea juu, kwenye H. HOD, alama 9. Alifika 390.

Nikaweka A mbele ya W. AW, 5. Akaigeuza Q nione, kama adabu inavyotaka. 393 kwa 390.

"Umeniziba pumzi, mwanangu," akasema huku akisaini karatasi ya matokeo. Kisha, kama tulivyozoea, tukaanza kuuchambua ubao. "Palikuwa na pengine?"

Nikamwonyesha REMIT. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, tano, tano, nne, akanitazama juu ya miwani. "Uliiona lini?"

Nikamwambia kabla ya NET. Akaguna tu. Nilidhani namtendea uungwana kumwonyesha, ila karatasi ilikuwa imeshasainiwa, na baadhi ya wanaklabu mpaka leo wanasema nilikuwa naringa. Yeye mwenyewe hajasema lolote, ila tangu siku hiyo tukikutana hufunika saa kwa mkono kwanza, akayafuata macho yangu, ndipo anacheza.